Kitanda Walichokiita Samadari

Nilikisikia kabla sijakiona. Kamba za makumbi zilizofungwa kwa kulegezwa zina mlio wao zinapobeba mwili wa mtu. Si mlio wa kitanda cha kulalia, ambacho kamba zake huvutwa zikakaza mpaka zikanyamaza. Huu ni mlio mrefu, wa chini, kama wa mtu anayezuia kikohozi msibani. Nilikuwa nimesimama mbele ya kabati la vioo lililojaa masinia ya shaba, na mlio ule ukanijia kutoka chumba cha pili, nyuma ya pazia jekundu. Kikafuata kicheko. Cha mwanamke kwanza, kisha cha mwanamume, kisha vyote viwili vikachanganyika, na kamba zikalia tena.

Nikajiambia haiwezekani. Hapa ni Nairobi, ndani ya jumba la kumbukumbu lenye sakafu inayong'aa na askari mlangoni. Kitu kile kifike vipi hapa, na afike vipi mtu wa kukichekea?

Nilikuwa nimekwenda Nairobi kwa kazi. Kampuni moja ya kuchapisha vitabu ilikuwa imeikubali riwaya yangu ya kwanza, niliyoiandika kwa miaka minne katika chumba cha mbele cha nyumba yetu Kisauni, na mhariri akaniita nikatie sahihi mkataba. Alikuwa mwanamke wa makamo, mchangamfu, mwenye kamera kubwa iliyoning'inia kifuani. Tangu aliponipokea stesheni alinishika mkono kana kwamba tulikua pamoja.

"Mkataba ni saa tisa," alisema. "Kabla ya hapo nitakutembeza. Mwandishi hawezi kufika mji mkuu arudi kwao akiwa ameona ofisi tu."

Akanitembeza. Nikaoneshwa mahali ilipopandishwa bendera siku ya uhuru, na jengo la bunge kupitia vyuma vya ua, na sanamu za mashujaa walionyoosha mikono juu. Nikaoneshwa injini kongwe ya gari la moshi iliyopakwa rangi upya. Kila mahali palikuwa na kibao, na kila kibao kilianza hadithi pale ambapo sisi tulikuwa tumeshamaliza sura kadhaa. Kibao cha injini kilisema reli ilianzia Mombasa. Neno moja tu, Mombasa, kisha reli ikaingia bara na habari ndipo zikaanza. Babu yangu mzaa mama alibadilisha mataruma mazito yanayobeba reli ile ile pale Changamwe mpaka bega lake moja likawa chini ya jingine. Nilimwambia mhariri hivyo.

"Maskini!" akasema, na akanipiga picha kando ya gurudumu.

Hapo sikukasirika. Nilikuwa na furaha ya mtu ambaye saa tisa haijafika lakini iko njiani. Hata hilo jumba la kumbukumbu, ambalo sitalitaja jina, nililiingia nikitabasamu, maana mhariri alininong'oneza kwamba ndani mna chumba kizima cha Pwani, na kwamba humo ndimo alimochagua tupige picha ya jalada la kitabu changu.

Kisha nikausikia ule mlio, na mhariri akafungua pazia.

Walikuwa vijana wawili, mume na mke wa karibuni kwa walivyoshikana, wamelala juu yake huku mwanamke ameinua miguu na mwanamume akinyoosha simu juu kujipiga picha. Chini yao kulikuwa na leso mpya na mito miwili ya mahameli. Pembeni, maua ya plastiki. Na kwenye kibao, kwa herufi za dhahabu: Samadari ya bibi harusi wa Pwani. Tundu la katikati ni la kupitisha hewa kwa sababu ya joto. Karibu ulale, upige picha.

Samadari ni kitanda cha fahari, kitanda cha harusi, na anayetaka kukiona aende kwenye nyumba za kale za kwetu. Mbao zake zimechongwa na kupakwa rangi, na huwezi kukipanda bila kibao cha kukanyagia. Kitanda hiki hakikuwa na mchongo wowote. Miguu yake ya kichwani ilikuwa mirefu kuliko ya miguuni kwa vidole vinne, ili maji yateremke. Kamba zimefungwa mbali mbali, ili maji yapite. Katikati pameachwa uwazi mrefu. Nilijua uwazi ule ni wa nini, kwa sababu mikono yangu imewahi kupita chini yake.

Mama yangu ni mwosha. Mchana hufua mashuka ya hoteli Shanzu, na akiitwa huacha mashine ikizunguka akaenda kuosha maiti. Huitwa Kisauni yote, hata Mwakirunge kwa wavunja kokoto, ambako wanawake humfikia wakiwa bado na vumbi jeupe kwenye nyusi, na yeye huanza na nyusi. Hachukui ujira. Kitanda cha kuoshea ni cha msikiti, hukaa stoo nyuma ya msikiti, na kikitoka huchimbwa mtaro mdogo chini yake wa kupokea maji. Akimaliza, yeye mwenyewe hukisugua kwa majivu na maji moto, hukisimamisha, hukigeuza uso ukutani. "Asije mtoto akakikalia," husema. Nikiwa na miaka kumi na saba nilimshikia maji kwa mara ya kwanza, tukimwosha dada yake, mama yangu mkubwa. Majani ya mkunazi, kafuri, kitambaa kilichozungushwa mkononi ili mkono usiguse utupu wa marehemu. Shuka juu ya mwili wakati wote. Mama aliongea naye muda wote kwa sauti ya chini: sasa nakuinua dada, sasa nakugeuza, samahani maji ni ya moto kidogo.

Shuleni wasichana hawakula mahamri yangu. "Mkono wa mamako umetoka wapi asubuhi?" waliniuliza, wakicheka. Nikirudi nyumbani nikilia, mama alinijibu kwa methali moja tu, "Mwosha huoshwa," kisha akaongeza ya kwake: "Na hao watakuja kunitaka. Kula mahamri yako."

Riwaya yangu ilikuwa juu ya mwanamke kama huyo.

Wale vijana wakateremka, wakifuta machozi ya kicheko. Kiongozi wa wageni, kijana mpole aliyevaa koti la buluu la jumba, akawaaga kisha akatugeukia.

"Karibuni. Hii sasa ndiyo samadari. Watu wa Pwani, madamu, walikuwa wanajua raha."

"Hiki ni kitanda cha kuoshea maiti," nikasema.

Akatabasamu kama mtu aliyezoea mizaha ya wageni. Nikamwonesha miguu. Nikamwonesha kamba. Nikapiga magoti nikamwonesha upande wa chini, ambapo mbao zilikuwa zimegeuka rangi kwa maji ya miaka, pande zote mbili za uwazi ule, na mahali pengine popote hapana. Hakuna harusi inayolowesha kitanda hivyo.

Tabasamu lake likaondoka kidogo kidogo. "Mzee wa huko huko kwenu ndiye aliyetuuzia," akasema. "Mswahili kabisa, na kofia yake. Ndiye aliyetwambia samadari. Sisi tungejuaje?"

Hilo liliniuma kuliko kibao. Nilikuwa nimeshapanga hasira yangu yote kuelekea bara, nikaona nusu yake inabidi irudi nyumbani na treni ya jioni. Mzee wa kwetu, mwenye kofia, alijua alichouza. Huenda alikitoa stoo ya msikiti fulani siku walipoleta cha chuma. Aliona watu hawa hawajui, akaona wanapenda harusi, akawapa harusi.

"Kwa hivyo," kiongozi akasema, akikitazama kitanda, "mimi saa ya chakula cha mchana, nikimaliza kula, huwa najinyoosha hapa."

Nikainuka, nikajipangusa magoti.

"Kila siku, dada. Tangu mwaka juzi." Akaliondoa koti lake la akiba lililokuwa limekunjwa chini ya mto, akalishika kwa ncha za vidole. "Sasa nifanye nini? Nioge? Kuna dua?"

"Hakuna kitu. Usilale tena tu."

"Wallahi silali," akasema, akiazima kiapo cha kwetu kwa hofu ya kweli, na akakigeuza kile kibao cha dhahabu kikaangalia ukuta. Ni yeye peke yake siku ile aliyefanya jambo bila kuombwa mara mbili.

Mhariri alikuwa ametusikiliza wakati wote huo. Nilidhani ameshtuka. Nilipomtazama nikaona macho yake yanang'aa.

"Lakini huoni?" akasema. "Hii ni bahati! Kitabu chako ni cha mwosha. Nilikuleta hapa kwa ajili ya harusi, maana wakubwa ofisini wanasema kifo hakiuziki. Sasa tunavyo vyote viwili! Lala hapo. Msomaji aone bibi harusi, akifika katikati ya kitabu ajue alikuwa anaangalia nini. Mungu wangu! Lala."

"Hakilaliwi."

"Ni mbao tu, mpenzi. Dakika mbili."

"Hakilaliwi na mtu aliye hai."

"Wewe ni msomi," akasema, na mara hii hakunishika mkono. "Umeandika kurasa mia tatu kuhusu kitanda hiki. Kulala dakika mbili ndiyo unaogopa? Au ni yale mambo yenu ya majini?"

Yale mambo yenu. Nilitaka kumjibu kwamba yeye pia kwao kuna vitu havikaliwi, na kwamba angenitoa mbio kwa rungu kama ningekaa juu ya kaburi la nyanyake kupiga picha. Lakini ilikuwa saa sita na nusu, mkataba ni saa tisa, na miaka minne ilikuwa imesimama kati yetu sisi wawili, pale karibu na maua ya plastiki. Nitasema kweli: nilitia mkono kwenye mbao. Niliupima urefu wake kwa macho. Nilifikiri, ni dakika mbili, nani Kisauni atajua?

Nikatoka nje nikampigia mama simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ushatia sahihi?"

"Bado."

"Sauti yako imekuwaje? Wamekunyima chakula?"

Nikamweleza. Nyuma yake nilisikia mashine za kufulia na mwanamke mwingine akiimba. Nilingoja alaani. Nilingoja aseme lahaula, aseme rudi nyumbani sasa hivi. Badala yake alicheka, akacheka mpaka akalazimika kumweleza yule mwenzake anachekea nini, na yule naye akacheka.

"Bibi harusi!" mama akasema. "Na wanalipa kiingilio? Mimi ninacho huku cha bure, waambie waje."

"Mama, si mzaha. Wanataka nilale juu yake nipigwe picha ya kitabu."

Kicheko kikaisha. "Utalala umefumba macho au umefumbua?"

"Sijui. Kwa nini?"

"Maana ukifumba umejifanya maiti, na mimi sijakuosha. Ukifumbua ukacheka, umejifanya bibi harusi, na mimi sijakuoza. Sasa hiyo picha ni ya nani? Mimi sikukatazi, mwanangu. Una akili zako. Kitanda ni mbao, wallahi, sikudanganyi. Lakini kila aliyelala pale alifunikwa. Mimi sijawahi kumwacha mtu wazi pale hata kwa muda wa kugeuka kuchukua kata ya maji. Hayo ndiyo ninayoyajua. Nenda, mashuka yangu yanapoa."

Nilirudi ndani nikasema silali.

Nilitazamia ugomvi. Mhariri aliinua mabega tu, akasema sawa, hakuna neno, tutaona, akanunua sambusa mbili akanipa moja. Njiani kuelekea ofisini alinionesha mnara wa saa na jumba refu la mikutano na akanieleza habari zao kwa upole. Mimi sikuona kitu. Ndani yangu nilikuwa nikijipongeza kama mpumbavu. Nilidhani kukataa kumekwisha.

Ofisi ilikuwa orofa ya nne. Mkataba ulikuwa mezani, karatasi sita, na kalamu juu yake. Mhariri akageuza kompyuta yake ili nione.

Lilikuwa jalada. Jina langu lilikuwa pale chini kwa herufi nyeupe, jina ambalo nilikuwa nimeliwaza kwenye jalada tangu nikiwa na miaka kumi na mbili. Na juu ya jina langu yule mwanamke kijana, ameinua miguu, anacheka, kamba zimebonyea chini yake. Mhariri alimpiga picha kabla ya mimi kufungua mdomo, tulipoingia tu, na ofisini wakaiunganisha na jina langu tulipokuwa njiani.

"Nimemfuata vyumba vya mbele ulipokuwa nje kwenye simu," akasema. "Amekubali, amefurahi sana. Kwa hivyo wewe hukulala. Nimeheshimu imani yako."

"Liondoe."

"Soma kifungu cha saba."

Nikasoma. Jalada ni uamuzi wa mchapishaji. Hakikuwa na neno jingine zaidi ya hayo.

"Nifutie hiki."

"Hakifutwi. Hata waandishi wakubwa hawafutiwi."

"Basi weka jalada tupu. Weka rangi nyeusi. Weka ndoo na kata."

"Ndoo!" Alicheka kwa kweli, bila ubaya. "Nani atanunua ndoo?"

"Huyu mwanamke hajui amelala wapi. Umemwambia?"

Akapanga karatasi zilizokuwa zimepangika tayari. "Akijua itamsaidia nini?"

Hapo ndipo hasira iliponijia yote, ile ya kibao cha reli na ile ya mahamri na ile ya mzee mwenye kofia, na cha ajabu haikuwa na sauti. Nilitaka kusema mengi. Nilitaka kusema kwamba kitabu kizima nilikiandika ili mtu mmoja, mahali fulani, ajue kwamba kuna kazi inayofanywa chini ya shuka ili binadamu asionekane akiwa hana uwezo wa kujifunika mwenyewe. Na kwamba wao wamekichukua kitabu hicho wakamweka juu yake mtu wazi, asiyejua, anayecheka, na wakaandika jina langu chini ya miguu yake. Nilisema tu, "Mama yangu atakiona hiki dukani."

"Mama yako atafurahi. Mama wote hufurahi."

"Wewe humjui."

"Miaka minne," akasema taratibu, na nadhani wakati huo alinihurumia kwa dhati. "Unajua ni wangapi wanakitaka kiti hicho ulichokalia? Ukitoka leo, mimi sitaweza kukurudisha. Si mimi ninayeamua. Tia sahihi, kasirika baadaye. Wote hufanya hivyo."

Niliamini kila neno lake. Kalamu ilikuwa ya buluu, nzito, ya kufungua kwa kuzungusha. Niliizungusha. Niliiona ncha. Sitaki mtu yeyote adhani nilikuwa shujaa, kwa sababu nilihesabu mambo mengi katika muda ule: nauli niliyoazima kwa mjomba, majirani walioniombea, wasichana wa mahamri ambao sasa wana watoto na ambao nilitaka, kwa roho mbaya kabisa, walione jina langu. Nikaizungusha kalamu tena ikajifunga. Nikaiweka juu ya karatasi sawasawa na nilivyoikuta.

Nakala ya mswada wangu ilikuwa kwenye rafu nyuma yake, imejaa alama zake za penseli, na nyingine zilikuwa nzuri. Kulikuwa na sura ambayo aliipanga upya na ikawa sura kweli. Nilinyoosha mkono.

"Hiyo ni nakala ya ofisi," akasema.

"Ina maneno yangu."

"Ina kazi yangu pia."

Ilikuwa kweli. Nikamwachia. Nikasimama, nikarekebisha mtandio, nikamshukuru kwa kunitembeza mjini, kwa kuwa nilifunzwa kushukuru, na yeye, bila kuinuka, akageuza kompyuta ikamtazama yeye.

"Fikiria," akasema. "Mpaka Ijumaa."

"Nimeshafikiri."

Nikapita katikati ya madawati, watu wakiwa wameinama kwenye kazi zao, mtu mmoja akila ndizi huku akisoma. Hakuna aliyeinua kichwa. Nikausukuma mlango wa kioo, nikatoka, nao ukajifunga nyuma yangu polepole, wenyewe, bila mtu kuugusa.